Kijana Aliyetumia Hewa Kidogo: Uchambuzi wa Kisa cha Mafunzo ya Mbizi Mnemba

Mwanafunzi wa kozi ya mwanzo ya mbizi ya mtungi, kijana wa ukoo wa wavuvi kutoka kaskazini mashariki ya Unguja, alipanda kutoka mita 8 mpaka juu ya maji akiwa amefunga mdomo. Safari yenyewe haikufika sekunde 15. Alitokeza, akacheka, akaomba maji ya kunywa. Baada ya muda mfupi sauti yake ikaanza kubadilika, na jioni ile alikuwa amelazwa hospitali, na picha ya eksirei ikionyesha hewa mahali isipopaswa kuwapo: katikati ya kifua, kandokando ya moyo, na chini ya ngozi ya shingo.

Sikuwa mwalimu wake. Nilikuwa kwenye boti hiyo hiyo na wageni wawili wenye vyeti, na tulikuwa tumeshapanda wakati anatokeza. Baadaye mwenye kituo cha mbizi aliniomba nikae na kila aliyehusika, nisome kompyuta za mbizi za siku ile (vifaa vya mkononi vinavyorekodi kina na kasi ya mzamiaji), niandike kilichotokea ili walimu wengine wakisome. Nimeondoa yote yanayoweza kumtambulisha mtu au kituo. Mwalimu wa kijana amesoma andiko lote, na kuna sehemu moja ambayo hatujakubaliana. Nitaifikia.

Kijana mwenyewe ana miaka ishirini na kitu. Tangu mdogo alifuatana na ami zake kuzamia pweza na kamba koche nje ya mwamba, kwa miwani na mapezi, na kina cha mita 10 kwake si jambo la kuhadithia. Majaribio ya kuingilia kozi, kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, aliyafanya huku anapiga soga. Kituo kilikuwa kinamlipia kozi kwa nia ya kumpandisha mpaka awe daivumasta, yaani kiongozi wa wazamiaji. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Kwa muda mrefu mno vijana wa hapa wamebeba mitungi na kuendesha mashine za boti huku wanaofundisha wakitoka ng'ambo.

Kwa hiyo tunamzungumzia mwanafunzi ambaye kila mwalimu angempenda. Haogopi maji, hana haja ya kubembelezwa, na bahari ya pale anaijua kuliko mwalimu. Darasani alikuwa wa kwanza. Lile swali la mtihani kuhusu kanuni kubwa kuliko zote, ya kutozuia pumzi unapovuta hewa ya mtungi, alilijibu bila kusita na akaeleza na sababu.

Dalili tatu na majibu yake matatu

Bwawani hakukuwa na tatizo lililoandikwa. Nilipomuuliza mwalimu kwa utulivu akakumbuka kwamba kijana hakuwa akitulia sakafuni. Akivuta hewa anapanda, anabaki juu kidogo kwa muda, kisha anashuka kwa mpigo. Mwalimu alidhani risasi za mkanda, vile vipande vizito vya kumsaidia mtu azame, hazitoshi, akamwongezea kilo moja. Akatulia.

Siku ya kwanza ya baharini ilikuwa ya kaskazi, maji mafu, mkondo hafifu, na mtu aliona mbali. Wanafunzi wanne, mwalimu mmoja, na msaidizi mmoja aliyekuwa akisomea udaivumasta. Walishuka kwenye mchanga upande uliokingwa na kisiwa cha Mnemba, kina kisichozidi mita 10, kwa dakika 35 hivi. Walipopanda, mwalimu alisoma geji za hewa iliyobaki mtungini moja moja, kama inavyotakiwa. Wanafunzi watatu walikuwa wamebakiwa na bar (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 70, 80 na 70. Kijana alikuwa amebakiwa na bar 130.

Boti nzima ilimpongeza. Nahodha alisema mtoto wa bahari hahitaji mitungi, tumpunguzie bei. Na mimi nilikuwapo nikicheka na wenzangu, maana namba ile ukiisikia bila kuifikiria ni sifa tupu.

Sasa tuipigie hesabu. Mtungi wa alumini wa kawaida una ujazo wa lita 11, na huanza na bar 200. Aliyebakiwa na bar 70 alitumia bar 130, yaani alivuta lita 1,430 za hewa, na ukigawa kwa dakika 35 na kwa mgandamizo wa kina walichokuwapo, unapata karibu lita 24 kwa dakika. Ndivyo mwanafunzi mwenye wasiwasi wa siku ya kwanza anavyopumua. Kijana, aliyetumia bar 70 tu, kwa hesabu hiyo hiyo alivuta kama lita 13. Hicho ni kiwango cha mtu mwenye mamia ya mbizi, anayeelea bila kutikisa mkono. Kijana hakuwa akielea hivyo. Alikuwa akipiga mapezi kama wenzake, akipanda na kushuka. Mtu anayefanya kazi ya mwili na bado anatumia hewa kidogo kiasi kile anazuia pumzi katikati: anavuta, anashikilia, anaachia, anavuta tena baada ya muda. Ndivyo mwili wake ulivyozoea kuishi chini ya maji kwa zaidi ya miaka kumi.

Dalili ya pili ilikuja kwenye mapumziko. Kijana alilalamika kichwa kinamgonga kwenye paji la uso na nyuma ya macho. Jua lilikuwa kali, moshi wa mashine ulikuwa unarudi ndani ya boti, na asubuhi alikunywa chai kavu tu. Akapewa maji na andazi, akaambiwa akae kivulini. Jibu hilo halikuwa la kipuuzi, lakini kichwa cha namna ile, kinachoanza baada ya kupanda kwa mtu aliyevuta hewa kidogo, kwanza kabisa ni cha kaboni dayoksaidi iliyojikusanya mwilini kwa sababu haikutolewa nje. Ukiweka geji yake na kichwa chake mezani pamoja, huhitaji daktari.

Dalili ya tatu ilikuwa mkanda. Katika mbizi ile ya kwanza kijana alipanda mara mbili bila kutaka alipokuwa amepiga magoti mchangani. Kabla ya mbizi ya pili akaongezewa kilo 2. Mwalimu alikuwa na hoja: mtungi wa alumini ukiishiwa hewa huwa mwepesi, na mwanafunzi anayepaa kila mara hawezi kufanya zoezi. Lakini mtungi wa kijana ndio uliokuwa mzito kuliko yote, maana ulibaki na bar 130! Kilichokuwa kinampandisha ni mapafu yaliyojaa na kufungwa.

Kila dalili ilipata jibu lake, na kila jibu, likisimama peke yake, lilikuwa na akili. Moja lilikuwa la geji, jingine la kivulini, jingine la mkanda. Hakuna aliyeyashika yote kwa wakati mmoja.

Mita 8

Zoezi la mbizi ya pili lilikuwa la miwani: kuijaza maji kabisa, kisha kuyatoa kwa kupuliza kwa pua huku ukiendelea kuvuta hewa kwa mdomo. Wanafunzi walipiga magoti mstari mmoja wakiangalia mwalimu, kina mita 8 kwa kompyuta. Msaidizi alikaa nyuma ya mstari, upande wa kushoto. Kijana alikuwa wa mwisho upande wa kulia.

Alifanya zoezi vizuri. Alijaza, alipuliza, akatoa alama ya salama, na mwalimu akampa mkono wa pongezi. Kisha mwalimu akageuka kwa mwanafunzi wa pili kutoka mwisho, aliyekuwa bado anasugua macho. Katika kugeuka huko, maji kidogo yaliyobaki ndani ya miwani ya kijana yakaingia puani alipovuta pumzi. Alikohoa ndani ya regyuleta, kile kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi, kisha akaitema.

Kuanzia hapo alifanya kila kitu sawasawa kwa kanuni za kazi aliyokulia. Alifunga koo, akaangalia juu, akasukuma mchanga kwa miguu yote miwili, akaenda zake. Mzamiaji wa pumzi maji yakimwingia puani hana jambo jingine la kufanya. Juu ndiko kuliko hewa, na kufunga mdomo ndiko kunakomfikisha. Alikuwa amelifanya hilo mara nyingi mno, na kila mara lilimrudisha nyumbani.

Msaidizi alimwona akiwa ameshapita kimo cha vichwa vyao. Alimfuata, akamkamata mkanda wa chini wa jaketi lake la kujazwa hewa, akafungua mikono na mapezi ili mwili wake uwe breki. Kompyuta ya kijana inaonyesha kwamba kasi ilipungua kwenye mita 3 au 4 za mwisho. Msaidizi anasema aliweka regyuleta yake ya akiba mbele ya uso wa kijana na kijana hakuiona, macho yote yalikuwa juu. Anasema pia, na hili nililirudia kumuuliza, kwamba hakuona povu hata moja likitoka mdomoni mwake.

Mwalimu hakuwafuata. Alibaki na wanafunzi watatu, akawakusanya wakashikana mikono, akawapandisha taratibu kama kawaida. Kuna waliomlaumu kwa hilo pale pwani. Mimi simlaumu hata kidogo. Angeondoka, angeacha watu watatu wa siku ya kwanza peke yao mita 8 chini, na wa kwanza kushtuka angewafuata kwa kasi hiyo hiyo. Msaidizi yupo kwa ajili ya dakika kama ile. Na kwa wanaouliza idadi: taratibu za mashirika makubwa ya mafunzo, PADI kwa mfano, huruhusu mpaka wanafunzi wanane kwa mwalimu mmoja bahari ikiwa shwari. Wanne na msaidizi ni uangalifu wa kutosha.

Kilichotokea kifuani

Naeleza hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu wazamiaji wa pumzi ni wengi katika mwambao huu na wengi wao wataingia kwenye mbizi ya mtungi.

Mtu akizama kwa pumzi yake, mapafu yake yana hewa aliyoivuta juu, tuseme lita 6. Kila mita 10 za bahari huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo mita 10 chini lita zile 6 zimebanwa na kuwa 3, na akirudi juu zinafunguka na kuwa 6 tena. Hazizidi, kwa hiyo hakuna cha kupasuka. Anayepumua kwa mtungi hali yake ni nyingine kabisa. Regyuleta humpa hewa yenye mgandamizo wa pale alipo, kwa hiyo mita 8 chini mapafu yake yana lita 6 kamili za hewa iliyobanwa. Akifunga mdomo na kupanda, hewa hiyo inatafuta nafasi ya karibu lita 11 ndani ya kifua cha lita 6.

Mapafu hayana mishipa ya maumivu ya kukuonya kabla. Vifuko vya hewa huachia kimyakimya, na haihitaji mita 8. Mapafu yaliyojaa kabisa yanaweza kuumia kwa kupanda mita moja na kidogo tu, yaani kina cha bwawa la watoto wa hoteli. Hewa ikitoka ina njia tatu. Inaweza kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu likanywea. Inaweza kuingia kwenye damu, ikapita moyoni na kupanda ubongoni. Hapo mtu huzimia au kupooza ndani ya dakika chache baada ya kutokeza, na wengine hufa. Au inaweza kutambaa kando ya mirija ya pumzi mpaka katikati ya kifua na kuibukia shingoni. Kijana alipata njia ya tatu, ambayo mara nyingi ndiyo yenye huruma. Breki ya msaidizi huenda ilichangia, ingawa siwezi kulithibitisha. Katika njia zile hakuna anayechagua.

Kwenye boti

Nahodha alikuwa na mazoea mazuri ya kuangalia mapovu badala ya simu. Aliona kundi moja la mapovu limetulia na kichwa kikitokeza mbali nalo, akawasha mashine bila kuitwa. Kijana juu ya maji alikuwa anazama: jaketi tupu, mkanda mzito, regyuleta inaning'inia. Msaidizi alijaza jaketi la kijana, kisha akafungua mkanda wa risasi na kuuachia uzame. Kilo zile bado ziko Mnemba, na hakuna aliyemdai.

Alipandishwa ngazi kwa miguu yake mwenyewe. Akasema, "Mzima, mwalimu, nimepaliwa tu." Akacheka, na wenzake nao wakacheka. Nilimtaka alale chali na nikafungua sanduku la oksijeni. Ufunguo wa mtungi ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye shingo ya mtungi wenyewe. Walimu wote tunajua maboti ambayo mtungi wa oksijeni upo na ufunguo wake uko ofisini.

Hapa ndipo tulipopoteza dakika. Kijana alikataa barakoa ya oksijeni. Kwake yeye oksijeni ni ya mtu anayekata roho, na kwenye boti walikuwapo baharia wawili wa kijiji chake ambao wangefika nyumbani kabla yake. Kukataa kwenyewe ni jambo ambalo vitabu vya huduma ya kwanza ya mbizi vinalitaja: aliyeumia husema hakuumia. Nilimweleza kwa maneno ya kitaalamu na hayakusaidia. Aliyemaliza mjadala ni nahodha, ambaye ni wa rika la baba yake. Alimsogelea akaanza kumuuliza habari za nyumbani, kijana akajibu, na nahodha akanigeukia: "Huyu sauti yake siyo hii." Kweli, ilikuwa imepanda na kuingia puani. "Mwanangu, vaa," akamwambia. Akavaa.

Nilimuuliza kama anasikia maumivu akimeza. Akaonyesha nyuma ya mfupa wa kifua. Niliweka vidole viwili juu ya mtulinga, nikabonyeza taratibu, na ngozi ikalia chini ya vidole kama mfuko wa plastiki unaokunjwa. Ukishaisikia mara moja huisahau. Hiyo ni hewa chini ya ngozi, na haiwezi kutokana na kupaliwa.

Tulimpima ubongo na neva hapo hapo akiwa amelala: jina lake, siku ya leo, tumetoka bandari gani, kufuata kidole kwa macho, kutabasamu ili tuone kama uso umekaa sawa, kubana mikono yangu yote miwili kwa pamoja, kusukuma kwa miguu, kuguswa huku na huku macho yakiwa yamefungwa. Yote sawa, na tuliyarudia kila baada ya dakika chache na kuandika saa. Hatukumwinamisha kichwa chini, ule mtindo wa zamani ulishaachwa. Alilala chali, oksijeni kamili, mpaka pwani.

Sababu ya oksijeni kuwa safi ni rahisi. Hewa iliyonaswa kifuani kwa sehemu kubwa ni naitrojeni. Mtu akivuta oksijeni tupu, damu yake inaachia naitrojeni kupitia mapafu, na hiyo iliyonaswa inavutwa kidogo kidogo kuingia kwenye damu na kutoka nje. Uvimbe unapungua wenyewe.

Daktari wa chemba ya mgandamizo, chumba cha kutibu wazamiaji kwa kuongeza mgandamizo wa hewa, alipigiwa simu tukiwa bado njiani. Kwa kuwa hakukuwa na dalili ya ubongo wala neva, alisema chemba isubiri na eksirei itangulie, na alikuwa sahihi. Pafu lililonywea likiingizwa kwenye chemba bila kujulikana linaweza kugeuka hatari kubwa wakati wa kupunguza mgandamizo. Picha ilionyesha hewa katikati ya kifua na shingoni, mapafu yamekaa vizuri. Alilazwa kwa uangalizi, akaendelea na oksijeni, sauti ikarudi.

Jambo dogo lililokaribia kuharibu yote: ndugu zake walitaka kumpeleka Dar kesho yake kwa daktari wanayemwamini, na walishaulizia ndege. Zile ndege ndogo za dakika 20 hazina mgandamizo ndani. Hewa iliyonaswa kifuani ingetanuka angani kama ilivyotanuka majini. Walipoelezwa wakaahirisha safari, na baadaye wakampeleka kwa boti.

Na bima. Wageni wangu wawili wa siku ile walikuwa na bima ya mbizi, kijana hakuwa nayo. Angehitaji chemba, matibabu yake yangekuwa ya maelfu ya dola, na sijui nani angelipa. Vituo vinavyowasomesha vijana wa hapa ili wawe wafanyakazi wao huwalipia vitabu na vyeti, halafu wanawashusha majini bila bima ya dola chache kwa mwezi. Hilo nimeliandika kwenye ripoti kwa herufi kubwa.

Tusipokubaliana

Mwalimu anasema zile kilo 2 hazina hatia. Hoja yake ni kwamba bila uzito huo kijana angepaa wakati wa zoezi lenyewe, pengine mapema na bila mtu nyuma yake. Anasema pia kwamba mwanafunzi amemaliza zoezi na ametoa alama ya salama, na mwalimu ana haki ya kugeuka.

La pili nakubali. Hakuna anayeweza kumtazama kila mmoja kila sekunde, ndiyo maana kuna msaidizi. La kwanza silikubali. Risasi hutumika kusawazisha suti, mtungi na mwili. Ukizitumia kusawazisha pumzi iliyozuiwa, umemfanya mwanafunzi aonekane ametulia huku tatizo limebaki pale pale, na umemfungia uzito utakaomzamisha siku akifika juu na jaketi tupu. Ndivyo ilivyotokea. Mtihani wa uzito ni ule ule wa siku zote: jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yakufike usawa wa macho, ukitoa pumzi uzame taratibu. Kijana alipimwa hivyo akiwa amejaza mapafu, kwa sababu kwake pumzi ya kawaida kabla ya kuzama ni mapafu yaliyojaa. Hakuna aliyemwambia atoe pumzi kwanza na kuhesabu.

Mwalimu anajibu kwamba hilo ni rahisi kuliona baada ya tukio. Huenda.

Tulichobadilisha

Fomu ya afya inauliza pumu, kifafa, moyo, masikio, upasuaji. Haiulizi kama mtu amekuwa mvuvi wa kuzamia. Kituo kimeongeza swali hilo kwenye mazungumzo ya kwanza: umezamia kwa pumzi, kwa miaka mingapi, kwa kina gani, na maji yakikuingia puani unafanyaje? Swali la mwisho ndilo lenye faida. Karibu wote wanaojibu ndiyo kwa la kwanza, wanajibu "napanda" kwa la mwisho.

Kwa mwanafunzi wa aina hiyo, kazi ya bwawani huanza bila mtungi. Anasimama kwenye maji ya kiunoni, anaweka uso majini bila miwani, na anapumua kwa snokeli, mrija wa kupumulia uso ukiwa majini. Dakika mbili, tatu, tano, maji yakizunguka pua muda wote. Mwanzoni wazamiaji hodari wanainuka baada ya pumzi mbili wakikohoa, na wanaona aibu kwa sababu mgeni asiyejua kuogelea vizuri, wa mstari wa pili, ameshamaliza. Koo lao limefundishwa kujifunga maji yakigusa pua, na sasa linatakiwa kubaki wazi. Hakuna maelezo yanayoweza kulifanya hilo, ni kurudia tu. Mpaka mtu aweze kukohoa ndani ya snokeli bila kuinua uso, haendi kwenye mtungi.

Baada ya hapo, kila regyuleta inapotoka mdomoni, hata kwa sekunde mbili, mwalimu anataka kuona mapovu madogo yakitoka midomoni mfululizo. Yasipoonekana, zoezi limefeli, hata kama kila kitu kingine kilikuwa safi. Kijana alikuwa amefaulu kila zoezi la regyuleta bwawani. Nilipoangalia video fupi aliyopigwa na mwenzake, mapovu yalikuwa yakitoka mwanzo na mwisho tu, katikati hakuna kitu.

Na geji. Mwanafunzi akirudi na hewa nyingi kuliko wenzake, mwalimu haandiki sifa. Anamfuata kwenye mbizi inayofuata kwa dakika nzima akiangalia mapovu yake tu, na kuhesabu sekunde kati ya kundi moja na jingine.

Mtu akiumia mapafu bila sababu inayoeleweka, madaktari wa mbizi kwa kawaida humzuia asirudi kabisa. Ikieleweka kwamba alipanda amezuia pumzi, na vipimo vya baadaye vikionyesha mapafu yaliyopona na yasiyo na kasoro, mara nyingine huruhusiwa baada ya miezi kadhaa. Kijana alipata barua ya kuruhusiwa. Ameanza upya, kwenye maji ya kiunoni, bila miwani, na bima ameshakatiwa. Nilipendekeza abadilishiwe mwalimu na mwenye kituo akakubali. Kijana ndiye aliyekataa: alisema mwalimu yule baada ya siku ile hawezi tena kumwondolea macho, na hatampata mwingine wa namna hiyo.